Mbele za Mungu, Kati ya Vyungu



Mada niliyoombwa kuizungumza jioni hii, yaani namna Mkristo anavyoweza kuzoea kumtambua Mungu kuwa yupo pamoja naye katika shughuli za kila siku, ina hatari moja ambayo ni vema niitaje mapema: kila mtu huikubali kabla haijaelezwa, na akishaikubali hurudi nyumbani kama alivyokuja. Kwa sababu hiyo sikusudii kuanza na hoja za wanafalsafa, wala na zile kanuni ndefu za tafakuri ambazo walimu wa roho waliwaandikia watawa wenye faragha na wasaa. Nitaanza na mpishi.

Mpishi huyo ni Nicolas Herman, aliyezaliwa yapata mwaka 1614 katika kijiji cha Hériménil, nchi ya Lorraine, ambayo katika ujana wake ilitaabishwa mno na majeshi ya Vita vya Miaka Thelathini. Alikuwa askari, akajeruhiwa, akawa kiguu. Kisha akawa mtumishi wa nyumbani kwa bwana mmoja, na mwenyewe alikiri kwamba alikuwa mzito wa mikono, mwenye kuvunja kila alichokishika. Mwaka 1640 aliingia katika nyumba ya Wakarmeli Peku mjini Paris, akapewa jina la Bruda Laurent wa Ufufuo, na kwa kuwa hakuwa na elimu ya kumfikisha kwenye upadre, alitiwa jikoni.

Hapa yafaa tukawie kidogo, maana wengi wanaomsifu Laurent humsifu kana kwamba alizaliwa na mapenzi ya upishi. La, hasha! Kazi ya jikoni aliichukia kwa tabia yake, na hata hivyo aliishika kwa muda wa miaka kama 15. Tena, miaka yake 10 ya mwanzo katika utawa ilikuwa miaka ya dhiki kubwa ya moyo, ambapo dhambi zake zilimsonga mchana na usiku, akajihesabu kuwa amekwisha kupotea, na viumbe vyote, na akili yake mwenyewe, na hata Mungu, akaviona kuwa vimemgeukia kwa uadui. Kilichomtoa humo si ndoto wala sauti kutoka mbinguni, bali ni azma aliyoifunga nafsini mwake, kwamba aliingia utawani kwa ajili ya kumpenda Mungu tu, na kwa hiyo, akiokoka au akiangamia, ataendelea kutenda kila jambo kwa ajili ya mapenzi hayo. Na baada ya azma hiyo, ndipo utulivu ulipomjia bila ya yeye kuutafuta.

Na desturi yake ilikuwaje? Kabla ya kushika kazi alimwomba Mungu msaada kwa maneno machache. Katikati ya kazi aliendelea kusema Naye moyoni, kama mtu asemavyo na aliye karibu. Na kazi ilipokwisha alijipima, kama imekuwa njema akashukuru, kama imeharibika akaomba msamaha, kisha akashika nyingine bila ya kujitesa kwa majuto. Alikigeuza kimanda katika kikaango kwa ajili ya kumpenda Mungu, na kilipoiva, ikiwa hana kazi nyingine, alisujudu palepale sakafuni. Siku moja alitumwa Burgundy kununua mvinyo wa nyumba, kazi ambayo hakuijua kabisa, na kwa kilema chake hakuweza kupita ndani ya mashua ila kwa kujibiringisha juu ya mapipa. Naye, kwa mujibu wa maelezo yake, alimwambia Mungu kuwa shughuli ile ni Yake, na baadaye akakuta kuwa mambo yamekwenda vizuri. Nakiri kuwa napenda mno habari ya mapipa yale, kwani humzuia msomaji asimfanye mtawa huyu kuwa sanamu ya plasta.

Habari hizi tumezipata kwa padre Joseph de Beaufort, aliyeanza kuzungumza naye mwaka 1666 na kuyachapisha maneno na barua zake baada ya Laurent kufariki tarehe 12 Februari 1691. Bahati ya kitabu hicho ilikuwa ya ajabu. Mwaka 1699 Papa Innocent wa 12 alizilaani baadhi ya kauli za Askofu Fénelon, aliyewahi kumzuru Laurent, na tangu hapo Wakatoliki wengi walikiogopa kitabu cha mpishi, ilhali Waprotestanti, miongoni mwao John Wesley, walikishika na kukieneza.

Sasa, hukumu yangu ni hii: tumekosea tulipoufanya utambuzi wa kuwapo kwa Mungu kuwa ni hisia, tukawa twaupima kwa machozi, kwa mtetemo wa mwili na kwa utamu wa nyimbo, na vinapokosekana twadhani kuwa Mungu ametuhama. Laurent alikaa miaka 10 bila ya utamu. Utambuzi huu ni mazoea ya nia, na ushahidi wake ni mwenendo. Mwenye duka apimaye maharage, huku kidole gumba kimelala juu ya sahani ya mizani, na redio nyuma yake ikiimba mapambio, hakupungukiwa na hisia za dini; kilichopungua ni kukumbuka kuwa yuko mbele za Mungu wakati uleule wa kupima, ambao ndio wakati pekee uliokuwa na manufaa kwa mteja.

Jambo hili Afrika ya Mashariki imekwisha kulijua. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar tangu 1908 hadi kifo chake mwaka 1924, aliwaambia wenzake katika mkutano mkuu uliofanyika London mwaka 1923 kuwa hawawezi kudai kumwabudu Yesu katika tabenakulo ikiwa hawamhurumii Yesu huyohuyo katika vibanda vya maskini. Na nguvu ya neno lile ni kwamba lilisemwa na mtu aliyeipenda tabenakulo kuliko wasikilizaji wake wengi. Na wale ndugu wa uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, hadi Uganda, Kenya na Tanganyika, waliita maisha yao kutembea nuruni, na majirani waliwatambua pale walipowaona wakirudisha mali walizoiba na kulipa madeni ya zamani.

Mtu ataniuliza: daktari wa upasuaji, au dereva wa basi katika miteremko ya Kitonga, atamkumbukaje Mungu kila dakika bila ya kuua watu? Frank Laubach, mmisionari wa Kimarekani, alijaribu mwaka 1930, kule kisiwani Mindanao, kuijaza kila dakika fikira ya Mungu, nami namheshimu, lakini kwa walio wengi nahofia hesabu ya dakika isije ikawa mzigo mpya wa sheria. Yatosha daktari akabidhi kazi yake kabla ya kuosha mikono, kisha aikazie macho yote, kwa kuwa Mungu aliyekabidhiwa kazi ile hagombanii nafasi na mshipa unaoshonwa. Kuushona vema ndiyo ibada ya saa ile.

Nawasihi basi wakuu wa seminari na vyuo vyetu vya uchungaji, ambako mwanafunzi aliyechelewa sala ya asubuhi hupelekwa kuosha masufuria, waiondoe zamu ya jikoni katika orodha ya adhabu, waigawe kwa wote, walimu wakiwamo, na waifundishe kwa heshima ileile waipayo zamu ya altareni.