Maganda ya Kambamiti: Mali Inayoozea Dikoni

Mada kwa wavuvi na wachakataji wa mazao ya bahari



Kambamiti aliye hai ni wa kijivu. Akichemshwa huwa mwekundu. Wengi hudhani moto ndio uliompaka rangi. Sivyo. Wekundu ule, uitwao astaksanthini, ulikuwamo tangu awali, umefungwa ndani ya protini, na moto umeufungua tu. Rangi hiyohiyo huchanganywa katika chakula cha samaki aina ya salmoni wanaofugwa Norwei na Chile, ili minofu yao ipendeze sokoni.

Kambamiti wa delta ya Rufiji akimenywa, kichwa na ganda, ambavyo hukaribia nusu ya uzito wake, huwa taka. Katika joto la Pwani taka hiyo huanza kuoza ndani ya saa chache, na harufu yake haihitaji maelezo kwa anayeishi jirani na diko.

Viwanda vingi duniani huyachakata maganda kwa asidi kali na magadi makali, na kuacha maji machafu yaliyo ghali kusafishwa. Ipo njia ya upole zaidi. Bakteria wa asidi ya laktiki, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa, huchanganywa na maganda mabichi yaliyosagwa pamoja na molasi, kisha pipa hufungwa. Molasi si kiungo cha hiari: maganda yana sukari kidogo mno, na bila sukari bakteria waozeshao ndio watakaoshinda. Uchachu ukipanda, uozo husimama, chokaa ya ganda huyeyuka, protini humeng'enywa, na rangi hufunguka bila moto. Hatimaye hupatikana uji wenye protini, mafuta yaliyobeba rangi, na mabaki magumu ya kitini.

Hata hivyo, asidanganyike mtu. Kilo moja ya taka huwa na rangi ya miligramu tu, na rangi hiyo huharibiwa na mwanga, hewa na joto. Kuisafisha kunahitaji maabara, na sokoni inashindana na rangi ya viwandani iliyo rahisi. Kikundi kinachoanza kwa ndoto ya kuuza astaksanthini kitafilisika mapema. Busara ni kuanza na uji wenyewe, ukakaushwa kivulini na kuchanganywa kwa kiasi katika chakula cha kuku wa mayai, ambao kiini chake hukolea rangi. Mnunuzi wa mayai huliona hilo bila kipimo cha maabara.

Maganda sharti yaingie pipani siku ileile, na maji yake machachu yasimwagwe mikokoni. Mapipa na molasi ndiyo gharama ya kwanza. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vilivyosajiliwa vinaweza kuomba mkopo usio na riba, utokanao na asilimia 10 ya mapato ya ndani, kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.