Mkono wa Tatu wa Seremala

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya mafundi na vijana wa Kiserian)



Nafurahi kusema nanyi hapa Kiserian, chini ya vilima vya Ngong. Sikuja kuwafundisha kupiga randa, maana kazi hiyo mnaijua. Nataka kusema juu ya vyombo ambavyo havikati wala havitoboi, bali hushika tu. Seremala ana mikono miwili, na yote miwili hushika randa. Ubao je, utashikwa na nani? Hushikwa na vyombo vya meza, navyo ndivyo mkono wake wa tatu.

Siku hizi vyombo hivyo vya kale huuzwa kwa kilo pamoja na mabati yaliyooza. Mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo. Nilikuwa na jiliwa la zamani, ambalo wengi huliita vaisi. Mpini ulizunguka bure, wala taya halikubana. Nikasema limekufa, nikaliuza kwa mnunuzi wa vyuma. Baadaye mzee mmoja akaniuliza, “Je, ulitazama chini yake?” Nikanyamaza.

Sababu ya swali lake ni hii. Majiliwa mengi ya Uingereza yana nusu ya nati tu, ambayo huuma skrubu kwa nguvu ya springi. Ukibonyeza kitasa kilicho mbele, nusu hiyo huachana na skrubu, na taya huvutwa kwa mkono mara moja. Lakini vumbi la mbao likichanganyika na grisi iliyokauka, au springi ikilegea, nati haiumi tena. Mara nyingi dawa yake ni mafuta ya taa, brashi, na matone machache ya mafuta safi. Basi niliuza kitu kizima kwa bei ya taka.

Chombo cha pili ni chuma kilichopindwa kama mkongojo. Mguu wake huingia katika tundu la meza, na kichwa chake hulala juu ya ubao. Ukikipiga juu kwa nyundo ya mti, mguu huinama kidogo na kukwama, na ubao hautikisiki. Ukikipiga kwa nyuma, huachia. Hakina skrubu hata moja. Chombo hiki ni cha kale sana: kimo katika picha ya ukutani ya mji wa Herculaneum, Italia, uliofunikwa na mlima wa moto mwaka 79. Ikiwa chako huteleza, usikilaumu upesi. Tazama kwanza kama tundu la meza limepanuka.

Cha tatu ni kizuizi, yaani kipande kidogo kinachochomoza juu ya meza, ili ubao ukiegemee wakati wa kupiga randa. Vingine vya kale ni vya chuma chenye meno. Viwekeni kwa ukumbusho, lakini kwa kazi heri cha mti, maana randa ikigonga chuma, makali yameharibika. Kipande kilichobaki cha mzeituni mwitu, ambao Wamaasai huuita oloirien, chafaa sana.

Cha nne ni ubao wa kukatia, wenye kijiti chini upande mmoja na kijiti juu upande wa pili. Kijiti cha chini hushika ukingo wa meza, na cha juu huzuia mti unaokatwa kwa msumeno. Kijana aweza kuutengeneza kwa saa moja.

Vyombo vya namna hii vyaweza kuwamo bado katika stoo za wazee wetu. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na kazi za mafundi zikaongezeka. Mwaka 1924 serikali ikaanzisha Kabete chuo cha kuwafundisha Waafrika useremala na ufundi mwingine. Basi mtu akitaka kukusanya, afanye hivi. Kwanza asome maandishi yaliyo juu ya chuma. Jiliwa la kale lenye neno Record na namba 52 ni la Sheffield, Uingereza, na upana wa taya zake ni inchi 7. Namba 53 ni inchi 10 na nusu. Pili, aligonge polepole: chuma kizima hulia kama kengele, chenye ufa hutoa sauti butu. Tatu, asilisage kwa mashine mpaka ling’ae, maana atafuta maandishi pamoja na historia yake. Nne, aandike katika daftari jina la mwenyewe wa kwanza na kazi aliyoifanya.

Tena, mnunuzi adai risiti. Mwezi wa Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya uharibifu wa mali ya umma, ikairuhusu tena mwaka uo huo kwa masharti. Chombo cha wizi si urithi.

Ndugu zangu, mzee akifariki, watoto hugawana shamba na ng’ombe, na sanduku la vyombo hupelekwa kwenye mizani. Kabla ya kulipeleka, lifungueni. Muulizeni fundi mzee aliye jirani kila kitu kilifanya kazi gani. Chuma kilichouzwa hununuliwa kingine. Maarifa aliyokufa nayo mzee hayana duka.