Kifaru wa Bonde la Kabaw
(Maneno ya hotuba juu ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki na vita vilivyoitangulia)



Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwako divisheni moja ya askari wa miguu ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru. Hiyo ndiyo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Iliundwa mwaka 1943, na sehemu yake kubwa ilikuwa vikosi vya King's African Rifles, yaani KAR, ambayo wazee wengi waliizoea kwa jina la Keya. Ndani yake walikuwamo watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland ambayo leo ni Malawi, na Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia.

Watu wakisimulia habari za jeshi, aghalabu husimulia bunduki na ushujaa. Hayo ni kweli, lakini ni nusu tu ya habari. Askari wa miguu hawezi kupigana siku nyingi bila posho, maji na dawa. Kwa hiyo mtu atakaye kufahamu jinsi divisheni hii ilivyofika mto Chindwin hana budi kuuliza kwanza: ni nani aliyewachukulia askari chakula chao? Swali hilo lilikuwa limekwisha kuulizwa katika vita vya mbele yake, na jibu lake liligharimu roho za watu wengi mno.

KAR ilianza tarehe 1 Januari 1902, vilipounganishwa vikosi vya Afrika ya Kati, Uganda na Afrika Mashariki. Haikukaa sana kabla ya kuonja uchungu. Tarehe 17 Aprili 1903, mahali paitwapo Gumburu katika nchi ya Wasomali, kundi la askari wa KAR na Masingasinga chini ya Kanali Plunkett lilizungukwa na watu wa Sayyid Mohammed Abdullah Hassan. Risasi ziliwaishia, na karibu wote wakauawa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika mwaka 1914, KAR ilikuwa na vikosi vitatu tu. Ilipokwisha ilikuwa navyo 22. Adui alikuwa Jenerali von Lettow-Vorbeck wa Wajeremani, ambaye wengi wa askari wake nao walikuwa Waafrika. Hivyo mara nyingi Mwafrika alimlenga Mwafrika mwenziwe, kila mmoja kwa amri ya bwana mgeni. Barabara zilikuwa chache, na mbung'o waliua farasi, ng'ombe na nyumbu. Basi mzigo ukawekwa juu ya kichwa cha mtu. Serikali iliunda jeshi la wapagazi, Carrier Corps, na jina hilo watu wakalitamka kwa namna yao. Ndilo lililobaki hata leo katika Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Wengi wanaonunua nyanya na vitambaa huko hawajui kwamba wanataja jina la jeshi.

Hebu wasikilizaji wafanye hesabu kidogo. Tuseme mpagazi amepewa ratli 50 za unga, naye mwenyewe ala ratli 2 kila siku. Akienda safari ya siku 10 na kurudi siku 10, amekwisha kula ratli 40. Askari aliye mbele atapata ratli 10 tu za mzigo ule. Safari ikizidi siku 12 kwenda, mpagazi atakula karibu mzigo wote, na kazi yake imekuwa bure. Ndiyo sababu walitakiwa wapagazi wengi kupita kiasi, na mwaka 1917 vijana walikamatwa kwa nguvu vijijini. Wengi wa waliokufa hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi. Wengine walipewa unga wa mahindi ambao tumbo lao halikuuzoea, tena haukuiva vizuri kwa kuwa kuni zilikuwa mbichi na safari ndefu. Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza walikaribia 100,000. Von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha zake Abercorn, tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya vita kukoma Ulaya.

Vita vya Uhabeshi vilikuwa vya namna nyingine, maana sasa palikuwa na malori. Askari wa KAR pamoja na wa Nigeria, Gold Coast na Afrika Kusini waliingia Kismayu mwezi Februari 1941, na tarehe 6 Aprili Addis Ababa ilikuwa mikononi mwao. Waitaliani wa mwisho walishindwa Gondar mwezi Novemba mwaka ule ule. Jemadari aliyeongoza huko Gondar alikuwa Meja-Jenerali Fowkes, naye ndiye aliyeiongoza baadaye Divisheni ya 11.

Divisheni ilijifunza vita vya msituni Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Hata njia ya kufika huko ilikuwa na mauti. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani katika Bahari ya Hindi, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297, na wengi wao walikuwa wapiga mizinga wa Kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki. Baadhi ya waliokufa walikuwa wauguzi wanawake.

Katikati ya mwaka 1944 divisheni iliingia Burma. Kazi yake ilikuwa kuwafuata Wajapani katika Bonde la Kabaw, kutoka Tamu mpaka Kalewa, tena wakati wa masika. Bonde hilo liliitwa Bonde la Mauti. Mvua ilinyesha usiku na mchana, barabara ikawa tope, na malori ambayo Uhabeshi yalikuwa yakikimbia sasa yalizama mpaka ekseli. Ingekuwa mwaka 1917, wangaliitwa wapagazi. Safari hii chakula kilitoka mbinguni: ndege ziliangusha magunia na masanduku kwa miamvuli, na askari wakayaokota msituni.

Habari ya dawa ni kubwa vile vile. Kila mtu alipaswa kumeza kila siku kidonge cha mepakrini cha kuzuia malaria, ambacho kiligeuza ngozi za Wazungu kuwa za manjano. Jenerali Slim, mkuu wa Jeshi la 14 ambalo divisheni hii ilikuwa chini yake, aliwaondoa madarakani makamanda watatu ambao watu wao hawakumeza vidonge ipasavyo. Ila homa nyingine, iletwayo na wadudu wadogo sana wa majanini, haikuwa na dawa wakati ule, nayo iliua.

Tarehe 2 Desemba 1944 Kalewa ilitwaliwa. Divisheni ikavuka Chindwin, na mafundi wa jeshi wakajenga daraja la chuma lenye urefu wa futi 1,154. Magari ya Jeshi la 14 yakapita kuelekea katikati ya Burma. Askari wa kifaru, ambao walikuwa wamechoka sana, waliondolewa wakapumzike Bara Hindi. Wale waliozikwa huko, na wale ambao makaburi yao hayajulikani, majina yao yamechongwa katika mawe huko Burma.

Vita vilipokwisha divisheni ilivunjwa, na watu wakarudi makwao. Mshahara wao ulikuwa mdogo kuliko wa Mzungu aliyefanya kazi kama yao, na jambo hilo hawakulisahau. Mmoja wao, Waruhiu Itote, alikuwa koplo wa KAR katika Burma. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Kenya mwezi Oktoba 1952, aliongoza wapiganaji wa Mau Mau katika msitu wa Mlima Kenya kwa jina la Jenerali China, na waliotumwa kumwinda walikuwamo askari wa KAR. Alikamatwa mwezi Januari 1954. Uhuru ulipofika, vikosi vya KAR viligawanywa vikawa majeshi ya nchi mpya: Tanganyika mwaka 1961, Uganda mwaka 1962, Kenya mwaka 1963, Malawi mwaka 1964.

Wapagazi wa vita vya kwanza hawakupata mawe yenye majina. Walipata sanamu: Nairobi, katika barabara iitwayo sasa Kenyatta Avenue, mpagazi amesimama pamoja na askari, lakini jina la mtu hata mmoja halikuandikwa hapo. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikikiri kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita vile hawakukumbukwa kwa majina kama walivyokumbukwa Wazungu, nayo ikaomba radhi.