Bunduki ya Kuwindia Koyote

Huko Marekani yuko mnyama wa jamii ya mbwa, afananaye na mbweha, aitwaye koyote, mwizi wa kondoo. Uzito wake kwa kawaida ni kilo 9 hata 20. Mwindaji mgeni hudhani bunduki kubwa ndiyo bora, sivyo. Bunduki ya risasi namba .223 Remington, iliyojulikana tangu miaka ya 1960, yamtosha, wala haimpigi bega sana. Achague risasi yenye ncha laini, ipanukayo mwilini, mnyama afe upesi asiteseke. Lakini risasi iliyokosa yaweza kuruka zaidi ya kilometa 2. Basi asifyatue ila nyuma ya mnyama pana kilima cha udongo. Majuto ni mjukuu.