Herufi Mbili na Mtaa Mmoja



Agosti 19, 2024, vijana wanne walipandishwa kizimbani katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Dodoma, wakishtakiwa kwa kumbaka binti mmoja kwa kundi na kumwingilia kinyume cha maumbile. Wakati huo nchi nzima ilikuwa imeiona video ya unyama ule, au imesimuliwa. Kesi ikasikilizwa faragha, na katika mashtaka binti hakutajwa kwa jina lake. Aliitwa XY. Septemba 30 mwaka huohuo wote wanne wakahukumiwa kifungo cha maisha, na kila mmoja akaamriwa kumlipa fidia ya shilingi milioni moja.

Mahakama ilimsitiri kwa herufi mbili. Sisi wa vyombo vya habari, na ninyi wenye simu, tukamwita kwa mtaa wake. "Binti wa", kisha jina la mtaa. Likawa ndilo jina lake kwenye vichwa vya habari, kwenye makundi ya WhatsApp, hata bungeni na barazani. Jioni hii sitautaja mtaa huo.

Hebu fikiria tulimficha asijulikane na nani. Mtu wa Tunduma au wa Bukoba hata angesikia jina lake kamili, asingeijua sura yake akikutana naye stendi. Anayeweza kumuumiza ni jirani: muuza genge anayemkopesha nyanya, fundi cherehani, mwenye nyumba, mama wa kikundi cha vikoba. Hao jina hawakulihitaji. Walihitaji mtaa tu, na mtaa tuliwapa sisi.

Sheria haikusema tufiche jina peke yake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, katika kifungu tulichokizoea kama cha 186, kifungu kidogo cha 3, inataka ushahidi wa kesi za kujamiiana upokewe faragha, na inazuia vyombo vya habari kutangaza ushahidi huo pamoja na taarifa za mashahidi. Ulinzi huu tunao tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Taarifa za shahidi ni pamoja na anakoishi, anakosoma, anakouza maandazi.

Huku kwetu vijijini mkoani Dodoma, Chamwino, Bahi, Mpwapwa hadi Kondoa, jambo hili lina uchungu zaidi. Kijijini mtu hutambulika kwa mlango aliotoka: mtoto wa fulani, wa kitongoji fulani. Sasa sikiliza namna habari zetu zinavyoandikwa. Mkulima, jina lake kamili, umri wake, kijiji chake, amefungwa kwa kumbaka bintiye wa darasa la nne, "jina limehifadhiwa". Limehifadhiwa wapi? Mzee huyo ana mabinti wangapi darasa la nne? Asubuhi yake mtoto anaingia darasani, na kila dawati linajua.

Maoni yangu ni haya: pale mshtakiwa anapokuwa baba, mjomba au kaka, undugu utangazwe, jina la mshtakiwa na la kijiji yasitangazwe. Jamii inastahili kujua kwamba ukatili huu uko ndani ya nyumba zetu. Nyumba ipi, hilo ni la hakimu. Mshtakiwa naye hapotezi haki yake kwa hilo, maana anamjua anayemlalamikia, naye au wakili wake anamhoji shahidi kama kawaida.

Wapo watakaoniambia mficha uchi hazai. Kwamba ukimya ndio uliowalinda wabakaji miaka yote. Ni kweli, na binti yule asingesema, kesi isingefika popote. Lakini uchi huonyeshwa mkunga, hauonyeshwi Soko la Majengo zima. Mkunga wa shauri hili ni polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto, daktari anayejaza fomu ya polisi ya PF3, wakili wa serikali na hakimu. Nao wajiangalie. Faragha ya chumba cha mahakama haina maana ikiwa jina la mtoto limeitwa kwa sauti koridoni, mbele ya watu wa kesi za mifugo na mashamba, au fomu yake imesomwa dirishani hospitalini huku foleni ikisikiliza.

Kwa wahariri wenzangu wa Dodoma: kabla ya kurusha habari ya namna hii, mpeni mtu anayetoka kijiji hicho aisome kwanza. Akimtambua mtoto, ifuteni sentensi iliyomtambulisha.

Na wewe msikilizaji, kama video ile ya mwaka 2024 bado imo kwenye simu yako, ifute sasa hivi, kabla hujazima redio.