Jinsi Jambo Linavyopita Katika Bodi ya Mji

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri ya Chama iliniagiza nieleze kazi ya bodi ya mji wetu, na hasa sababu ya jambo letu la makaburi kukawia. Najua wengi wenu mnangojea kusikia hesabu za mwaka, lakini hizo zitasomwa na Mtunza Hazina, naye ana kurasa nyingi. Mimi naomba subira yenu kwa muda wa robo saa tu.

Habari za bodi ya mji si tamu masikioni. Wakati wa uchaguzi watu hujaa uwanjani, ngoma hupigwa, na kila msemaji hushangiliwa. Lakini mfereji ulioziba, taa iliyozimika, ushuru wa sokoni, mahali pa kutupa taka na mahali pa kuzikwa, hayo yote huamuliwa chumbani, kwenye meza moja, siku ya kazi, ambapo hapana mtu wa kupiga makofi. Asiyejua mambo ya chumba kile hulalamika njiani miaka mingi, wala malalamiko yake hayafiki popote.

Kwanza yafaa tujue bodi yenyewe ni kitu gani. Utawala wa miji na wilaya katika nchi yetu umebadilika mara nyingi. Wazee wetu walisimuliwa na baba zao habari za mabaraza ya wenyeji yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1924, ambayo mwaka 1950 yaligeuzwa kuwa Mabaraza ya Wilaya ya Waafrika. Kisha zikaja kanuni za serikali za mitaa za mwaka 1963, na mabaraza ya kaunti na ya miji yakapewa kazi kubwa. Mwaka 1969 Bunge lilipitisha sheria iliyoziondoa shule za msingi, afya na barabara mikononi mwa mabaraza ya kaunti, yakabaki na kazi chache na fedha haba. Mabaraza yote 175 yalikoma mwaka 2013, zilipoanza serikali 47 za kaunti chini ya Katiba ya mwaka 2010.

Tangu hapo miji iko chini ya kaunti, nayo huongozwa kwa Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011, iliyorekebishwa mwaka 2019. Mji mdogo huwa na kamati, na manispaa kama yetu huwa na bodi ya watu tisa. Katika hao wamo watu waliopendekezwa na vyama vya wenye taaluma, vya wafanya biashara, vya wachuuzi na mafundi wadogo, na vya wakaaji wa mitaa. Kuna na meneja, ambaye kazi yake ni kuyatekeleza yaliyoamuliwa, naye hujibu mbele ya bodi. Wajumbe hawafanyi kazi hiyo kutwa nzima. Kila mmoja ana shughuli zake. Sheria yataka wakutane mara moja kila miezi mitatu. Hesabuni wenyewe, wazee: mikutano minne kwa mwaka. Jambo likikosa mkutano wa leo, husubiri robo ya mwaka nzima, isipokuwa uitishwe mkutano wa pekee.

Sasa na tuingie chumbani. Mwenyekiti akiisha kuketi, huulizwa kwanza kama akidi imetimia, yaani kama wajumbe waliohudhuria wanatosha kuendesha mkutano. Wasipotosha, kila mtu hurudi kwake, na barua zote hukaa katika faili. Akidi ikitimia, husomwa kumbukumbu za mkutano uliopita. Hapa wageni wengi husinzia. Lakini mtu mwenye akili hufungua macho, kwa kuwa neno lililoandikwa vibaya likithibitishwa na kutiwa sahihi, huwa ndilo neno la bodi, hata kama kila aliyekuwapo anakumbuka vingine.

Baada ya hapo huja fungu liitwalo mambo yaliyotokana na kumbukumbu. Ndugu zangu, kama kuna neno moja tu mtakalolichukua nyumbani leo, na liwe hili. Katika fungu hilo mwenyekiti hushika orodha ya maazimio ya zamani, akauliza moja moja: Nani alipewa kazi hii? Ameifanya? Kama hakuifanya, kwa nini? Pale ndipo ahadi hugeuka kuwa deni la kudaiwa mbele ya watu. Kisha hufuata taarifa ya fedha, taarifa za kamati ndogo, barua zilizopokewa, na mwisho mengineyo. Jambo linaloletwa katika mengineyo bila karatasi, saa ambayo wajumbe wanatazama saa zao na kukusanya vitabu, mara nyingi huandikwa kwamba limesikiwa, likaishia hapo.

Hivyo ndivyo jambo letu la makaburi lilivyopata taabu. Nyote mwajua hali ilivyo. Chama hiki kiliundwa na watu waliotoka mbali kutafuta kazi, nao waliona aibu mwenzao kufa ugenini asiwe na wa kumzika. Mpaka leo hiyo ndiyo nguzo yetu ya kwanza. Mwenye shamba kwao, tunachanga na kumsafirisha. Lakini wako wenzetu ambao kwao ni hapa. Hawana shamba jingine, na watoto wao hawajui kijiji kingine. Hao huzikwa katika makaburi ya mji, na makaburi ya mji yamebakiwa na safu mbili tu kando ya ua wa mashariki. Msimu wa mvua uliopita tulilazimika kungoja mpaka jioni maji yakauke, huku mjane ameketi juu ya mkeka. Jambo hili si la maneno ya kupamba hotuba.

Mwaka juzi wazee watatu walitumwa kwenda kuonana na afisa mmoja wa umma. Walipokewa kwa heshima, wakapewa chai, wakaambiwa kwamba habari imefika na itashughulikiwa. Walirudi wakiwa na furaha, na sisi sote tulifurahi. Miezi sita ikapita. Tulipokwenda kuuliza, tuliambiwa kwamba afisa yule amehamishwa, na hapana faili wala kipande cha karatasi kilichotaja makaburi. Wale wazee hawakukosa adabu wala hekima. Walikwenda kama watu wanavyokwendeana. Lakini neno la mdomo lilihama pamoja na mwenyewe.

Ndipo Halmashauri ilipoandika barua, tukaipeleka kwa mkono, nakala yetu ikagongwa mhuri wa siku ya kupokewa. Barua ilieleza mambo manne tu: makaburi yamebakiwa na nafasi gani, maji husimama wapi, tunaomba nini, na sheria yasemaje. Kwa maana Jedwali la Nne la Katiba limeyaweka makaburi katika kazi za kaunti, katika fungu la afya, pamoja na uondoaji wa taka. Barua ile ilisomwa katika mkutano wa bodi. Likaandikwa azimio kwamba mpima ardhi na afisa wa afya waende wakatazame, na kila mmoja alete taarifa yake katika mkutano ujao.

Mkutano ujao ulipofika, taarifa ya afya ililetwa, ya mpima ardhi haikuletwa. Zamani tungalisema, "Ndivyo walivyo." Lakini safari hii azimio lilikuwa limeandikwa, nalo likasomwa katika mambo yaliyotokana na kumbukumbu. Mwenyekiti aliuliza, jibu likaandikwa, na tarehe nyingine ikawekwa. Katika mkutano wa tatu taarifa zote mbili zilikuwa mezani. Nisimdanganye mtu: ardhi haijapatikana bado. Lakini jambo letu sasa lina namba, lina faili, na hata afisa akihamishwa, anayekuja analikuta. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba haki nayo ni mali.

Yuko mzee mmoja aliyeniuliza, "Kama bodi imekubali, mbona hawanunui?" Swali lake ni zuri, na jibu lake ni kalenda ya fedha. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, mpango wa maendeleo wa kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka unaotangulia. Karatasi ya mkakati wa fedha hupelekwa kabla ya mwisho wa Februari, na makadirio yenyewe kabla ya tarehe 30 Aprili. Basi mtu anayekwenda kuomba mfereji mwezi wa Mei, mvua ikiwa imeshaingia nyumbani mwake, anafika sokoni wakati meza zinafungwa. Bodi yaweza kumhurumia, lakini haiwezi kutoa fedha ambazo hazikuandikwa. Jambo letu lazima liingie katika mpango mapema, na tena lionekane katika makadirio. Mara mbili tutazame, mara mbili tuulize.

Wengine wamechoka, wakasema afadhali ardhi yoyote inunuliwe upesi, mradi tuzike watu wetu. Nawaelewa, lakini nawakumbusha habari ambayo nchi nzima ilizisikia mwaka 2010. Makaburi ya Lang'ata mjini Nairobi yalikuwa yamejaa, na Baraza la Jiji likanunua ardhi huko Mavoko. Zililipwa shilingi milioni 283, bei iliyozidi mno thamani ya ardhi yenyewe, na juu ya hayo mahali penyewe hapakufaa kuzikia. Maofisa walishtakiwa, na watu wa Nairobi wakabaki bila makaburi waliyoyalipia. Udongo huu unachimbika? Maji yako mbali kiasi gani? Thamani yake ni shilingi ngapi, na nani aliyeipima? Maswali hayo yaonekana kama ya kuchelewesha watu, lakini ndiyo yanayolinda fedha za mjane na mchuuzi. Kwa hiyo tusikasirike taarifa zinapodaiwa. Tukasirike zinapodaiwa na zisiletwe.

Nimesikia pia ikisemwa kwamba mambo haya ni ya watu waliosoma, na mzee asiyejua kusoma hana kazi nayo. Kwa heshima zote, sikubali. Wazee wetu walipokata kesi ya mpaka, hawakuridhika na maneno ya mtu mmoja. Walipanda miti, wakaita mashahidi, wakala pamoja, ili hata baada ya miaka thelathini awepo wa kusema, "Nilikuwapo." Kumbukumbu za mkutano ni shahidi wa namna hiyohiyo, tofauti yake ni kwamba hafi wala hahami. Tena mzee ambaye hasomi aweza kuketi na kijana anayesoma, amwulize, "Hapa wameandika nilivyosema?" Kijana peke yake hajui mahali maji yalipopita zamani, kabla nyumba hazijajengwa. Mzee anajua. Bodi inawahitaji wote wawili.

Wala tusidhani kwamba tunaomba hisani. Katiba, katika kifungu cha 37, yampa kila mtu haki ya kupeleka maombi kwa wenye mamlaka, na katika kifungu cha 35 yampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yataka ombi lijibiwe katika muda wa siku 21. Sheria ya miji nayo yawaruhusu wakaaji kukutana, kujadili huduma na makadirio ya fedha, na kupeleka mapendekezo yao. Haki hizi hazina makelele. Hukaa kimya katika vitabu mpaka mtu aje azitumie.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, kwa niaba ya Halmashauri naleta maombi matatu. La kwanza, chama kichague watu wawili, mzee mmoja na kijana mmoja, kazi yao iwe kufuata mambo ya bodi mwaka mzima, na kutoa taarifa katika mikutano yetu ya kila mwezi. La pili, hapana ujumbe wowote utakaotumwa ofisini bila barua, na hapana barua itakayopelekwa bila nakala kugongwa mhuri na kuwekwa katika faili la chama. La tatu, kabla ya mwisho wa mwezi wa Agosti tuwe tumepeleka pendekezo letu la makaburi liingizwe katika mpango wa kaunti, likiwa na majina na sahihi za wanachama, na alama ya kidole kwa asiyeandika.

Maombi haya hayahitaji fedha nyingi. Nauli, karatasi, na uvumilivu vyatosha. Kazi yenyewe haitamfurahisha mtu anayependa kutajwa, kwa maana siku makaburi mapya yatakapofunguliwa, sherehe itafanywa na wakubwa, na utepe utakatwa na wengine. Sisi tutakuwa tumesimama nyuma, tukijua tu kwamba mwenzetu atakayetangulia atazikwa penye udongo mkavu, mchana, na jamaa zake hawatangoja mpaka jioni.

Bwana Mwenyekiti, narudisha nafasi kwako, na naomba maombi haya matatu yapigiwe kura, na uamuzi wake uandikwe katika kumbukumbu.