Kiti Kinachong'aa Kupita Kiasi: Mazungumzo Kuhusu Viti vya Ngozi Katika Magari Yaliyotumika



Nimeombwa nizungumze kuhusu usafi na utunzaji wa viti vya ngozi katika magari yaliyotumika. Huenda wapo watakaoliona kuwa jambo dogo mno kwa taasisi inayosimamia haki za mlaji. Nami nilikuwa na mawazo hayo hadi lilipogusa mfuko wangu. Gari langu la kwanza nililinunua kwa akiba ya miaka mitatu, katika yadi ambayo sitaitaja. Fundi wangu alikagua injini, magurudumu na breki. Viti vyeusi vilimeremeta kana kwamba vimetoka kiwandani asubuhi ile, kwa hiyo hakuna aliyevigusa hata kwa kidole. Wiki ya kwanza, shati langu jeupe lilirudi nyumbani na mistari myeusi mgongoni. Nikachukua sabuni ya unga, maji ya moto na brashi ya kufulia, nikasugua kwa bidii zote. Rangi ikatoka pamoja na maji, na chini yake ikajitokeza mipasuko kama ya tope lililokauka. Muuzaji alinificha hali ya kile kiti, lakini aliyekimaliza ni mimi.

Yafaa kwanza tujue tunachokalia. Ngozi ya viti vingi vya gari si ngozi tupu kama ile inayowambwa ngoma. Imetiwa rangi, kisha ikafunikwa kwa tabaka jembamba lenye asili ya plastiki, na hilo tabaka ndilo kidole chako kinalogusa. Tena, katika magari mengi ni sehemu za kukalia na kuegemea tu zilizo za ngozi halisi. Pembeni na nyuma ya kiti ni ngozi bandia. Kwa hiyo muuzaji akikwambia kwamba viti vyote ni ngozi, mwombe akuonyeshe ni sehemu zipi. Wewe mwenyewe unaweza kudondosha tone la maji mahali pasipoonekana. Likibaki juu kama shanga, ngozi ina tabaka la kinga. Likinywewa na kuacha doa jeusi, ngozi haina kinga hiyo au kinga imekwisha, nayo yahitaji uangalifu mkubwa zaidi.

Kinachoharibu kiti ni jasho, mafuta ya mwili, jua la mchana katika gari lililofungwa vioo, na mchanga uliojificha kwenye mishono, ambao husaga kama msasa kila mtu anapoketi. Ngozi nyingi za viti hutoka kiwandani zikiwa na mng'ao hafifu sana. Ukikuta viti vya gari la miaka 12 vinameremeta, basi ama vimepakwa dawa ya mafuta, ama vimejaa uchafu uliosuguliwa na migongo ya watu hadi ukang'aa. Sisi tumezoea kuuita mng'ao huo usafi, na biashara nzima ya kupaka viti mafuta imejengwa juu ya mazoea hayo.

Basi unapokwenda kukagua gari, beba kitambaa cheupe na maji kidogo. Kilowanishe, futa ukingo wa kiti cha dereva ulio upande wa mlango, kisha kitazame. Kikitoka na rangi ya kiti, yaelekea kiti kimepakwa rangi karibuni na kazi haikufanywa vizuri. Kikitoka na utelezi, ni mafuta. Kisha bonyeza ngozi kwa vidole viwili na kuivuta taratibu, mipasuko iliyojazwa itafunguka. Ukingo huo ndio unaosuguliwa kila dereva anapoingia na kutoka, kwa hiyo huzeeka kabla ya sehemu nyingine zote. Ukiwa umechakaa sana ilhali mita inasoma kilomita chache, usikimbilie kulipa. Dai kwanza kumbukumbu za matengenezo ya gari hilo.

Sasa tuje kwenye usafi wenyewe. Anza na vumbi: tumia mashine ya kufyonza au brashi laini, na usisahau mifereji ya mishono. Changanya maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya maji, matone machache tu, utikise mpaka lipatikane povu. Jaribu kwanza mahali palipojificha. Tumia povu zaidi kuliko maji, safisha sehemu ndogo ndogo kwa brashi laini (mswaki laini wafaa kwa mishono), futa kwa kitambaa chenye unyevu, kausha kwa kingine, ndipo usogee mbele. Sabuni ya unga, klorini, spiriti na mafuta ya taa viacheni mbali: hula tabaka la kinga, na likishaondoka halirudi kwa kusugua.

Hapa naomba nisimame kidogo. Magari mengi yana mifuko ya hewa ya usalama ndani ya ubavu wa kiti, na huonyeshwa kwa kilebo chenye maneno SRS AIRBAG. Chini ya kiti mna nyaya zake, mara nyingi zenye viunganishi vya rangi ya njano. Usimwage maji hapo, wala usimruhusu mwosha magari kuzichomoa ili afagie vizuri. Na ukinunua vifuniko vya viti, hakikisha havizibi ubavu huo. Viti vyenye matundu madogo navyo visimiminiwe kitu; weka dawa kwenye kitambaa kwanza.

Kiti kikishakauka, waweza kupaka losheni ya ngozi, kiasi kidogo, kisha ufute yote iliyobaki juu. Kwa ngozi yenye tabaka la kinga, kazi ya losheni ni kupunguza msuguano na kurahisisha usafi ujao. Ule usemi wa “kulisha ngozi” ni wa matangazo zaidi. Hakuna losheni inayoponya mpasuko. Fundi anaweza kuujaza na kuupaka rangi, nayo ni kazi halali, mradi mnunuzi aambiwe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na chombo cha moto hakimo nje yake. Kwa hiyo maneno “viti vya ngozi, havijapakwa rangi” yaandikwe kwenye mkataba, nawe udai risiti ya EFD. Dawa yenyewe nunua ikiwa na lebo inayotaja mtengenezaji na maelekezo ya matumizi. Ile inayouzwa barabarani katika chupa ya maji ya kunywa haina wa kuulizwa ikiharibu.

Kila ninapozungumza juu ya mada hii huulizwa kuhusu mafuta ya nazi. Nayapenda, kwa wali na kwa nywele. Kwenye kiti hukaa juu ya tabaka, hukamata vumbi, na yatahamia kwenye nguo zako kama ile rangi ilivyohamia kwenye shati langu. Aliyekwisha kuyapaka asisugue kwa hasira. Povu la sabuni laini, mara mbili au tatu kwa siku tofauti, litayaondoa.